Selous wa Beho Beho: Maisha ya Mwindaji Aliyeacha Jina Lake Porini

Na Mwandishi Wetu

Mgeni anayeingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa lango la Mtemere, akapita kando ya maziwa ya Nzerakera, Manze na Tagalala yanayolishwa na Mto Rufiji, hatimaye hufika katika eneo la vilima liitwalo Beho Beho. Hapo porini lipo kaburi la saruji lenye bamba dogo la shaba. Bamba hilo halisemi mengi. Limetaja cheo, jina, kikosi na tarehe ya kuuawa vitani, yaani 4 Januari, 1917. Hakuna uzio mkubwa wala mnara. Tembo hupita, mvua hunyesha, nyasi huota na kukatwa.

Aliyezikwa hapo ni Kapteni Frederick Courteney Selous, Mwingereza, ambaye kwa muda wa karibu miaka mia moja jina lake ndilo lililokuwa jina la pori lote linalozunguka kaburi hilo. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo inaitwa kwa jina la Baba wa Taifa, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na eneo lililobaki kusini bado linaitwa Pori la Akiba la Selous. Ardhi hii ni mali ya umma, na mwananchi ana haki ya kujua majina yake yalitoka wapi. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu huyo, kwa mema yake na kwa yale ambayo historia haiwezi kuyafunika.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba, 1851, katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Soko la Hisa la London na aliwahi kuwa mwenyekiti wake. Ukoo wao ulikuwa na asili ya Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbilia Uingereza kwa sababu ya dini. Familia ilitamani mtoto huyo asomee udaktari, lakini yeye alikuwa amekwisha kujichagulia njia nyingine kupitia vitabu vya wasafiri. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja mwalimu wa bweni alimkuta amelala chali sakafuni, akiwa na nguo ya kulalia tu, na kitanda chake kitupu kando. Alipoulizwa, alieleza kuwa anauzoeza mwili kulala ardhini kwa kuwa siku moja atakuwa mwindaji Afrika.

Kabla ya ndoto hiyo kutimia nusura afe nyumbani kwao. Tarehe 15 Januari, 1867, mamia ya watu walikuwa wakiteleza juu ya barafu ya ziwa lililomo katika bustani ya Regent's Park, London, barafu ilipopasuka ghafla. Watu 40 walikufa. Selous, kijana wa miaka 15, alijilaza kifudifudi na kutambaa kutoka kipande kimoja cha barafu hadi kingine mpaka akafika ukingoni. Wapo wanaosema kwamba utulivu huo wakati wa hatari ndio uliomwezesha kuishi miaka mingi katika kazi iliyowaua wenzake wengi.

Mwezi Septemba 1871, akiwa na umri wa miaka 19 na paundi 400 mfukoni, aliteremka katika Ghuba ya Algoa, Afrika Kusini. Mwaka uliofuata alifika Bulawayo, makao ya Mfalme Lobengula wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Jambo hili linafaa kuzingatiwa. Katika vitabu vingi vya wakati ule, bara la Afrika huelezwa kama pori lisilo na mwenyewe, ambamo mtu mwenye bunduki huenda apendako. Selous mwenyewe alijua kuwa sivyo. Nchi ilikuwa na mfalme, mfalme alikuwa na sheria, na mgeni alipaswa kusimama mbele yake na kusema haja yake. Lobengula alimtazama kijana yule asiye na ndevu za kutosha, akacheka, akamwambia aende akawinde. Hakuona kama mtoto wa namna ile angeweza kuwadhuru tembo wake.

Alikosea. Kwa kuwa farasi hawakuweza kuishi katika nchi yenye mbung'o, Selous aliwafuata tembo kwa miguu, akiwa amevaa shati, kofia na viatu vya ngozi, miguu ikiwa wazi ili akimbie vizuri. Alibeba gobore kubwa ambalo risasi yake moja ilikuwa na uzito wa robo ratili na baruti yake ilitiwa kwa kuchotwa na kiganja. Kishindo cha silaha hiyo kilimwumiza bega kiasi kwamba miaka mingi baadaye bado alilalamika kuwa iliharibu shabaha yake. Aliongozwa na wafuatiliaji nyayo na wapagazi Waafrika, ambao bila wao asingepata maji, njia wala tembo wenyewe. Majina yao hayakuandikwa kwenye bamba lolote la shaba.

Kabla ya miaka kumi kwisha, tembo katika nchi ya Wandebele na majirani zao walikuwa wameadimika kiasi kwamba kazi ya pembe haikumlipa tena. Selous aliliandika jambo hilo wazi bila kujitoa katika hesabu. Yeye na wawindaji wenzake, pamoja na biashara ya bunduki na pembe iliyoenea kusini mwa Afrika, walikuwa wamemaliza katika kipindi cha ujana wa mtu mmoja kile ambacho nchi ilikuwa nacho kwa karne nyingi. Akageukia kukusanya ngozi, mafuvu na pembe za wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1881, kilimpa umaarufu mkubwa Uingereza, kwa kuwa alikuwa na jicho la kuona mambo madogo: nyayo, mavi, rangi ya manyoya, mwendo wa mnyama aliyejeruhiwa.

Katika miaka hiyohiyo yalizuka mashauri kati ya mfalme na Wazungu waliokuwa katika nchi yake kwa sababu ya kuuawa kwa viboko, wanyama ambao Wandebele hawakuruhusu wauawe ovyo. Selous aliitwa Bulawayo, akashtakiwa na kutozwa faini. Alilipa, lakini kinyongo kilimkaa moyoni. Kwa msomaji wa leo tukio hilo lina maana kubwa kuliko faini yenyewe. Mfalme wa Kiafrika alikuwa amemfikisha mwindaji maarufu kuliko wote mbele ya baraza lake kwa kosa linalohusu wanyamapori.

Sura inayofuata ya maisha yake ndiyo ngumu zaidi kuisimulia kwa sifa. Mwaka 1890, Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini ya Cecil Rhodes ilipotaka kuingiza msafara wa walowezi wenye silaha katika nchi ya Washona, ilimhitaji mtu anayeijua njia. Selous ndiye aliyekuwa mtu huyo. Aliongoza ukataji wa barabara ya mamia ya kilomita, akiikwepa kwa makusudi Bulawayo na majeshi ya Lobengula, mpaka mahali ambapo mwezi Septemba mwaka huo ilipandishwa bendera ya Uingereza. Ndipo palipo Harare leo. Mwaka 1893 Kampuni ilimpiga vita Lobengula mwenyewe. Selous alishiriki vita hivyo na kujeruhiwa. Mfalme alikimbia mji wake na kufa akiwa mafichoni. Wandebele na Washona walipoinuka tena mwaka 1896, Selous alichukua silaha kwa mara nyingine upande wa walowezi. Kijana aliyepewa ruhusa kwa kicheko alikuwa amerudi na jeshi.

Mwaka 1894 alimwoa Gladys Maddy, na familia ikaweka makazi kijijini Worplesdon, kusini mwa Uingereza. Kando ya nyumba alijenga jumba la makumbusho lililojaa vichwa na ngozi za wanyama wa mabara kadhaa. Jina lake lilikuwa limevuma kiasi kwamba wengi waliamini, na bado wanaamini, kuwa ndiye aliyekuwa kielelezo cha Allan Quatermain, mwindaji wa hadithi za Rider Haggard. Wazee wetu waliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani darasani, katika tafsiri ya Kiswahili iliyotoka miaka ya 1920, basi walikutana naye kwa jina lingine kabla ya kusikia habari za kaburi la Beho Beho.

Katika umri ambao wengine wangetulia, Selous aligeukia nchi za baridi, na hapa maisha yake yanagusa jambo ambalo halitajwi sana anapozungumzwa Afrika. Kuanzia mwaka 1900 alisafiri mara kadhaa Kanada na Newfoundland, na mwaka 1904 na 1906 alikwenda mbali zaidi, hadi jimbo la Yukon, kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye Mto Macmillan. Huko hakuna barabara. Njia ni mto, na chombo ni mtumbwi. Mtu hupakia hema, unga, chumvi, mablanketi na bunduki, kisha husafiri kinyume cha mkondo, mara akipiga kasia, mara akisukuma kwa upondo, mara akishuka ndani ya maji ya baridi kali na kuuvuta mtumbwi kwa kamba kutoka ukingoni. Panapokuwa na maporomoko, mizigo hushushwa na kubebwa mgongoni, na mtumbwi hubebwa mabegani. Jioni hutafutwa kijisehemu kikavu chini ya misonobari, moto huwashwa, hema husimikwa. Saa ya msafiri huyo ni barafu: asipogeuza mtumbwi kwa wakati, mto huganda na kumfungia huko mpaka majira mengine.

Kwa Selous aliyezoea msururu wa wapagazi na magari ya kukokotwa na ng'ombe, safari hizo zilikuwa shule mpya. Alikuwa amevuka miaka 50. Alikwenda na watu wawili watatu tu, akabeba mzigo wake, akapika chakula chake. Aliwatafuta kulungu wakubwa wenye pembe pana kama koleo, na kulungu wengine wanaohama kwa makundi, na alipompata dume mmoja mzuri aliridhika. Huko Newfoundland alikuta pia utaratibu ambao Afrika ya ujana wake hakuujali: mwindaji alilipia leseni, na leseni ilitaja idadi ya wanyama. Aliandika kitabu kuhusu safari hizo, kilichochapishwa mwaka 1907. Hata huko, hata hivyo, pori halikuwa tupu. Mito ya Pelly na Macmillan ilikuwa nchi ya Wakaska na Watutchone wa Kaskazini, waliokuwa wakiwinda na kuvua humo vizazi na vizazi kabla ya msafiri yeyote wa Ulaya.

Mmoja wa wenzake katika safari ya mwaka 1904 alikuwa Mmarekani Charles Sheldon, mtu mwenye mali aliyeacha biashara ili achunguze kondoo wa milimani. Miaka michache baadaye Sheldon alikaa majira ya baridi kali katika kibanda karibu na mlima mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini, huko Alaska, na hapo akapata wazo la kuifanya nchi hiyo kuwa hifadhi ya taifa. Alilipigania wazo hilo kwa miaka karibu kumi. Sheria ya kuanzisha hifadhi hiyo ilitiwa saini tarehe 26 Februari, 1917, chini ya miezi miwili baada ya mwenzake wa mtumbwini kuzikwa Beho Beho. Hifadhi ilipewa kwanza jina la rais wa Marekani, McKinley. Mwaka 1980 ikaitwa Denali, jina litokanalo na lugha ya wenyeji wa Alaska. Yaelekea Watanzania si watu wa kwanza kujadili jina la hifadhi.

Rafiki yake mwingine alikuwa Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, aliyekuwa akisoma vitabu vya Selous na kuandikiana naye barua kwa miaka mingi. Katika utawala wake, kati ya mwaka 1901 na 1909, Roosevelt alitenga ardhi ya umma ya takribani ekari milioni 230 iwe misitu, hifadhi na makimbilio ya wanyama. Mojawapo ya maeneo ya mwisho aliyoyatenga, Februari 1909, ni Msitu wa Taifa wa Superior katika jimbo la Minnesota, mpakani mwa Kanada. Ndani ya msitu huo leo kuna eneo la zaidi ya ekari milioni moja na maziwa zaidi ya 1,000, ambamo sehemu kubwa ya maji hairuhusiwi injini. Raia hupata kibali, hupakia mtumbwi, hupiga kasia kutoka ziwa hadi ziwa, huubeba mtumbwi nchi kavu katikati ya maziwa hayo, na hulala kwenye hema. Idadi ya makundi yanayoingia kila siku imewekewa kikomo. Haihitaji kuwa tajiri ili kuingia humo, na hilo ndilo hasa lililokusudiwa na waliolipigania eneo hilo baada ya Roosevelt.

Roosevelt alitoka madarakani Machi 1909. Majuma machache baadaye alikuwa baharini kuelekea Mombasa, akiongoza msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na ndani ya meli hiyo alikuwamo Selous, aliyekuwa amemsaidia kupanga safari. Msafara huo ulirudi na vielelezo zaidi ya 11,000. Ni vigumu kwa msomaji wa sasa kuelewa jinsi watu walewale waliotenga mamilioni ya ekari kwa ajili ya wanyama walivyoweza kufurahia kuwaua kwa wingi namna hiyo. Wao hawakuona kinzani. Selous alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa chama kilichoundwa London mwaka 1903 kwa ajili ya kuhifadhi wanyama wa makoloni, na wapinzani wa chama hicho walikidhihaki kuwa ni chama cha wachinjaji waliotubu. Dhihaka hiyo haikuwa mbali na kweli. Lakini aliyewahi kuona tembo wakiisha katika bonde moja baada ya jingine alikuwa na ushahidi ambao mtu wa mjini hakuwa nao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 Selous alikuwa na umri wa miaka 62. Aliomba kuingia jeshini, akakataliwa kwa sababu ya umri, akaomba tena. Mwaka 1915 alipokelewa katika Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanya wawindaji, mabaharia, wachimba madini na watu wengine wa maisha ya nje. Mwezi Juni mwaka huo kikosi hicho kilishiriki shambulio la Bukoba, ambamo Waingereza waliovuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu waliharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, na mji ukaporwa. Mwaka 1916 alitunukiwa nishani ya DSO. Aliugua, akarudishwa Uingereza kufanyiwa upasuaji, na alipopona akarudi Afrika Mashariki. Wenzake wengi vijana walikuwa wameshindwa na malaria na kuhara. Yeye, mwenye miaka 65, aliendelea kutembea.

Mwanzoni mwa Januari 1917 majeshi ya Uingereza yalikuwa yakisukuma vikosi vya Paul von Lettow-Vorbeck kuelekea Mto Rufiji. Tarehe 4, katika mapigano ya Beho Beho, risasi ya mdunguzi ilimpata Selous kichwani. Alizikwa papo hapo pamoja na askari wengine waliouawa. Von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa adui, alimtaja baadaye kwa heshima katika kumbukumbu zake. Mwaka mmoja kamili baada ya siku hiyo, tarehe 4 Januari, 1918, mwanawe mkubwa, rubani wa kivita, naye aliuawa.

Katika kampeni hiyohiyo walikufa makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika, waliobeba risasi na vyakula vya majeshi ya pande zote mbili. Wengi walikufa kwa njaa, homa na uchovu, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Wananchi wa Dar es Salaam hupita kila siku mbele ya Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita hivyo. Mahali hapo, kabla ya Waingereza kuuteka mji, iliwahi kusimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Ni Wissmann huyohuyo aliyetoa mwaka 1896 amri za kwanza za kutenga maeneo ya wanyama katika bonde la Rufiji.

Hivyo pori lilikuwapo kisheria kabla ya Selous kufika, na kabla ya sheria palikuwa na watu. Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, ambako maelfu walikusanyika kuchukua maji ya kuwalinda na risasi, ni jirani wa pori hilo kwa upande wa mashariki. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, na njaa iliyosababishwa na jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, viliacha vijiji vingi vya kusini vikiwa mahame. Palipokuwa na mashamba pakaota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na wanyama wakaenea. Mwaka 1922 Waingereza waliyaunganisha maeneo ya Wajerumani na kuyaita kwa jina la kapteni wao. Katika miongo iliyofuata mipaka ilipanuliwa, na maelfu ya wakazi, hasa wa upande wa Liwale, walihamishwa kwa sababu iliyotajwa kuwa ni ugonjwa wa malale. Utupu ambao wageni waliusifu ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya vita, njaa na amri za serikali.

Selous mwenyewe hakuwa na hatia katika jina hilo, hakuliomba. Alilifahamu bonde la Rufiji kwa majuma machache tu, wakati wa mvua na vita. Hakuwahi kulala kwenye hema kando ya Ziwa Tagalala kwa raha, wala kuteremka Rufiji kwa mtumbwi kama alivyoteremka Macmillan. Warufiji waliokuwa wakiuvuka mto huo kwa mitumbwi yao, wakilima mpunga katika mabonde ya mafuriko, waliujua kwa namna ambayo yeye hakupata nafasi ya kuijua. Kwa maoni ya mwandishi, waliochagua jina mwaka 1922 walikuwa wanamkumbuka mtu, si mahali.

Mwaka 1961, nchi ilipokaribia uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa mjini Arusha tamko lililoweka wazi kuwa wanyamapori na mapori wanamoishi ni dhamana ya taifa jipya na watoto wake. Mwaka 1982 Selous iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ujangili wa pembe ulifuata kwa mawimbi. Sensa ya mwaka 2013 ilionesha tembo wapatao 13,000 katika mfumo ikolojia wa Selous, mahali ambapo miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, na mwaka 2014 UNESCO ikaiweka Selous katika orodha ya urithi ulio hatarini. Selous mwindaji angeitambua hali hiyo mara moja. Aliwahi kuishuhudia nchini kwa Lobengula, naye akiwa na bunduki mkononi.

Julai 2019, wakati wa kuweka jiwe la msingi la mradi wa kufua umeme wa megawati 2,115 katika Mto Rufiji, Rais wa wakati huo, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alitangaza kuwa sehemu ya pori hilo itakuwa hifadhi ya taifa yenye jina la Mwalimu Nyerere. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka huohuo ina ukubwa wa kilomita za mraba 30,893. Inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na ndani yake uwindaji hauruhusiwi. Eneo la kusini, linalosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), limebaki kuwa pori la akiba.

Mambo ambayo Selous aliyapenda Yukon yanafanyika leo Rufiji bila gobore. Wageni hupanda boti na kupita katikati ya viboko na mamba, hutembea kwa miguu wakiongozwa na askari mwenye silaha, na hulala kwenye mahema porini kwa kibali. Bamba la Beho Beho halikuondolewa wala kubadilishwa maandishi. Kaburi limebaki ndani ya eneo lenye jina la Nyerere, na anayetaka kulizuru huwaomba askari wa hifadhi wamwongoze, kwa kuwa nyasi za masika huwa ndefu na tembo wa Beho Beho hawapendi kushtuliwa.